Guu la N Lililopinda

Mwenye mashine ya kuchapa mabango alipofungua duka lake ng'ambo ya barabara, alitundika bango lake la plastiki juu ya ukuta ambao Bi Mkono alikuwa ameuchora wiki tatu tu kabla. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Misumari minne, nyundo, basi. Bi Mkono alisimama mlangoni pa stoo yake akitazama herufi zake zikifunikwa moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Haya. Tutaona nani atapauka wa kwanza."

Mimi ni mshona nguo. Chumba changu kinapakana na stoo ile, ukuta mmoja kati yetu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki alinisimulia mwenyewe huku nikimkunjia pindo za suruali zake za kazi.

Bi Mkono ni mchora maandishi. Miaka thelathini na moja amekuwa akiandika kwenye kuta, milango ya bati, magari ya mizigo na vibao vya shule. Jina hilo alipewa na watu, maana ukipita mahali ukaona neno limekaa sawa, limenenepa panapotakiwa na kukonda panapotakiwa, wenye macho watakwambia, "Huo mkono wake." Kazi alifundishwa na mjomba wake, ambaye watoto wake wote waliogopa ngazi. Uzi uliopakwa chaki unavutwa ukutani, unaachiwa, tap! Mstari unabaki. Kisha brashi bapa, rangi ya mafuta, na pumzi. "Herufi haiandikwi mtu akivuta pumzi," mjomba alimwambia. "Inaandikwa akiitoa." Nafasi kati ya herufi hakupima kwa rula. Alipima kwa jicho, na jicho lilitosha.

Baada ya lile bango, kazi zilianza kukatika. Wateja walitaka kitu cha siku moja. Mwenye mashine anachagua fonti, yaani ukoo mzima wa herufi zilizokwisha kuundwa ndani ya kompyuta, anabonyeza, mashine inatema. Mwenye duka la dawa akahama. Gereji ikahama. Hata mimi, sitaficha, niliulizia bei, nikarudi ndani nikiona aibu.

Jumapili moja kaka yake mkubwa alikuja na sura ya mtu aliyekuja kutoa pole msibani.

"Mdogo wangu, mambo yamebadilika," akamwambia. "Una miaka hamsini na mbili. Uza hizo rangi, tafuta kibanda cha mitumba, upumzishe mwili."

"Kaka, kuvunjika kwa koleo ndiyo mwisho wa uhunzi?"

"Hii siyo koleo. Hii ni kompyuta."

"Basi nitaijua hiyo kompyuta. Si simba, haitanila."

Kaka mtu akatikisa kichwa, akaondoka. Nilimsikia nje akimwambia mtu kwamba dada yake amekuwa mgumu kama ngozi ya kiatu tangu alipofiwa na mume.

Binti yake, ambaye anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, alimpa simu yake ya zamani, yenye kioo kilichopasuka kona moja. Akamwonyesha pa kubonyeza na pa kuandika. Bi Mkono aliandika neno moja tu: herufi. Zikaja nyimbo za watoto za kufundishia a, e, i, o, u. Akaandika tena: jinsi ya kuchora herufi nzuri. Hapo mlango ukafunguka.

Aliniita kupitia ukutani. "Fundi! Njoo uone! Kumbe tuko wengi!"

Nilimkuta amekaa juu ya debe la rangi, simu kaiegemeza kwenye chupa ya tapentaini. Kulikuwa na mzee mmoja wa nchi sijui gani anachora R kwa chaki, polepole, na watu maelfu wanamtazama kama wanatazama mpira. Kulikuwa na kurasa za watu wanaotembea mijini kupiga picha za maandishi tu: vibao vya kale, milango ya magari, mawe ya makaburi. Kulikuwa na madarasa ya bure, hatua kwa hatua, na vyumba vya maongezi ambamo mgeni anaweka kazi yake na wenzake wanaichambua bila huruma. Saa za mchana ambazo zamani zilikuwa za ngazi, sasa zikawa za debe na simu. Alinunua daftari la mistari akaanza kunakili.

Tatizo lilikuwa lugha. Masomo karibu yote yalikuwa ya kigeni, kwa hiyo alitumia kile kitafsiri cha kwenye simu, na kitafsiri kile kilikuwa na vituko vyake. Siku moja nilisikia ukuta unapigwa kofi.

"Fundi! Sikiliza upuuzi huu. 'Ukurasa mzuri hauna wajane. Ukimwona mjane amebaki peke yake juu ya ukurasa, mwondoe.' Mwondoe! Mimi nimemkosea nini huyu mtu?"

Tulicheka mpaka mteja wangu akaingia akidhani kuna sherehe. Baadaye binti akamweleza kwamba mafundi wa vitabu huita hivyo mstari unaobaki mmoja juu ya ukurasa baada ya wenzake kuishia ukurasa uliotangulia. Bi Mkono hakuridhika. "Mstari uko peke yake umesimama wima, halafu ndiyo kosa lake?" Tangu siku hiyo akaacha kuchukua maneno yao hivi hivi. Akaanza kuyapa majina yake. Herufi zenye vijikono miguuni akaziita zilizovaa viatu. Zisizo navyo, za peku. Duara la ndani ya o akaliita chumba. Kusogeza herufi mbili zisiachane wala zisikanyagane akakuita kusalimianisha. Daftari likajaa.

Ilikuwa mwezi wa nne au wa tano wa kusoma namna hiyo alipokutana na ukuta wake mwenyewe.

Alikuwa akipitia ukurasa wa mkusanyaji mmoja mwenye picha nyingi sana za maandishi ya mitaani kutoka kila pembe ya dunia. Akapitisha kidole, akapitisha, akasimama. NADHIFU. Ukuta wa kinyozi wetu, hatua mia mbili kutoka hapa! Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, alizozichora miaka sita iliyopita kwa siku mbili za jua kali. Picha ilikuwa nzuri. Chini yake kitafsiri kikaandika: "Mchoraji hajulikani."

Hakuniita. Mimi ndiye niliyeona kimya kimezidi, nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Hajulikani," akasema. "Hajulikani na nani? Kinyozi ananijua. Wewe unanijua. Hata mbwa wa gereji ananijua. Kulikuwa na ugumu gani wa kuuliza, 'Samahani, nani kaandika hapa?'"

Na hilo halikuwa baya zaidi. Pembeni ya picha kulikuwa na alama ya kubonyeza. Akabonyeza, ikampeleka kwa mtu mwingine kabisa, muuzaji wa fonti, ambaye alikuwa amechukua herufi za ukuta ule, akazisafisha, akaziunda fonti kamili, anaiuza. Herufi ambazo hazikuwamo ukutani alizitunga mwenyewe. X na Q zilikaa kama wageni walioingia kwenye picha ya ukoo. Na N, jamani! Kila N katika fonti ile ilikuwa na guu la kulia lililopinda kwa ndani, kama mtu aliyebanwa na haja. Maelezo ya muuzaji yakasema: "Mpindo huu wa kipekee unabeba roho huru ya mtaani."

Bi Mkono akaangua kicheko cha hasira. "Roho ya mtaani? Lile lilikuwa bomba la maji!"

Na kweli. Siku alipoandika NADHIFU, bomba la kinyozi lilishuka ukutani likapiga kona mahali hasa ambapo guu la N lilitakiwa kutua. Kinyozi alikataa kulihamisha. Basi akalipindisha guu likapita pembeni. Miaka miwili baadaye bomba likavuja, fundi bomba akalihamishia nyuma, ukuta ukabaki na N inayokwepa kitu ambacho hakipo. Mpiga picha akaja, akakuta guu limepinda, akadhani ni sanaa.

Aliwaandikia wote wawili, mkusanyaji na muuzaji, kwa msaada wa binti. Mkusanyaji hakujibu. Muuzaji alijibu baada ya siku tisa, kwa adabu ya baridi: herufi za namna hiyo ni mali ya mitaa, hazina mwenyewe, na hata kama zinaye, yeyote anaweza kudai kwamba ndiye aliyezichora. Ana ushahidi gani?

Binti alitaka waache. "Mama, hawa watu wako mbali. Utajiumiza moyo bure."

"Moyo wangu upo imara, mwanangu. Wewe kesho huendi kazini?"

"Kesho nina zamu ya jioni."

"Vizuri. Saa sita mchana njoo kwa kinyozi na simu yako ile nzima. Hii yangu imepasuka, wataniona vipandevipande."

Siku ya pili nilifunga chumba changu nikaenda. Nusu ya mtaa ilikuwapo. Habari hapa haihitaji mtandao. Bi Mkono alivaa suruali ya kazi yenye rangi za miaka yote, akafunga kitambaa kichwani, akasimama mbele ya ukuta. Binti akaanza kurekodi.

"Mimi ndiye niliyeandika hapa," akasema, akitazama kioo cha simu kama anamtazama mtu usoni. "Wanasema sijulikani. Wanasema nilete ushahidi. Sawa. Tazameni."

Akaonyesha matundu mawili yaliyozibwa kwa saruji, moja juu ya N, moja chini yake. Hapo ndipo vishikizo vya bomba vilipokuwa. Akachukua chaki, akalichora bomba upya ukutani, kutoka tundu hadi tundu, na kona yake. Guu la N likalizunguka bomba lile la chaki bila kuligusa, nafasi ya kidole kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu wakashangilia. Kinyozi akasukumwa mbele, taulo bado begani.

"Sema, ni kweli kulikuwa na bomba?"

"Lilikuwapo," kinyozi akasema. "Tena uliniomba nilihamishe, nikakataa. Nilisema N haiwezi kunikosesha maji."

"Umesikia, bwana muuzaji? Unachouza si roho ya mtaa. Unauza ubishi wa kinyozi."

Kicheko kikapasuka. Yeye hakucheka. Alichukua ubao aliokuja nao, akauegemeza kwenye kiti cha kinyozi, akachovya brashi. Hakupiga mstari, hakupima. Alitoa pumzi, akashusha guu la kushoto. Akatoa pumzi, akateremsha mshazari. Akatoa pumzi, akapandisha guu la kulia, limenyooka kama mlingoti. Kazi ya dakika isiyozidi moja. Akaugeuzia ubao kwenye simu.

"Hii ndiyo N yangu nikiachiwa nafasi," akasema. "Hii hamnayo."

Video ile ilisambaa. Binti aliiweka kwenye vile vyumba vya maongezi alimokuwa akisomea mama yake, na wanafunzi wenzake, ambao hata sura zao hakuzijua, wakaibeba huku na huko. Siku ya nne mkusanyaji aliandika. Alikuwa mama wa makamo, na barua yake haikuwa na kona: amekosea, alipaswa kuuliza, anaomba radhi, je, aandike jina gani chini ya picha?

Bi Mkono alijibu: "Andika Bi Mkono, mchora maandishi. Yu hai na anapokea kazi."

Muuzaji naye akaja na lugha mpya. Yuko tayari kugawana mapato na kumtaja kama chanzo cha wazo, mradi video ishushwe. Kaka mkubwa, aliyekuwa amekuja kuona kulikoni, alimshauri akubali.

"Mdogo wangu, bahati haigongi mlango mara mbili."

"Hii haikugonga, kaka. Hii imeingia dirishani na kubeba sufuria, sasa inataka tule pamoja." Akaandika jibu la maneno mawili: video haishuki. Baada ya wiki chache fonti ile ikatoweka dukani kwa muuzaji. Hakuaga.

"Basi umeshinda," kaka akasema. "Sasa rudi kwenye maisha."

"Ndiyo kwanza naanza. Yeye alikuwa na herufi saba za ukutani akatunga zilizobaki. Mimi ninazo zote kichwani, halafu nikae?"

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, na sitadanganya kwamba ilikuwa ya kupendeza. Binti alimletea kompyuta mpakato ya hospitali iliyokwisha kustaafishwa, nzito kama tofali. Programu ya kuundia fonti ilikuwa ya bure, na masomo yake yalikuwa ya bure, lakini machozi yalikuwa ya kwake. Mkono uliozoea ukuta wa mita tatu ulilazimika kusukuma vitone vidogo kwenye kioo. Mara mbili alipoteza kazi ya wiki nzima kwa kusahau kuhifadhi. Herufi kubwa zilimtii. Herufi ndogo, ambazo wachora kuta huziandika mara chache, zilimgomea. Alizichora kwanza kwenye magazeti kwa brashi, ukubwa wa mlango, akazipiga picha, ndipo akazipeleka kwenye mashine. Mwalimu mmoja wa mtandaoni alimwambia anapoteza muda. Aliendelea hivyo hivyo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ng'. Alikuwa ameona jambo ambalo mimi, pamoja na kusoma maisha yangu yote, sikuwahi kuliona: katika fonti nyingi, ile alama ya juu inakaa mbali na g, kiasi kwamba ng'ombe anaonekana amekatwa vipande viwili, kichwa huku, kiwiliwili kule. Akaamua kuzisalimianisha. Akaweka kazi yake kwenye chumba cha maongezi aelekezwe. Mjuzi mmoja akamjibu kwamba mchanganyiko huo wa herufi ni nadra mno, asijisumbue nao.

Alinisomea jibu lake kabla ya kulituma. "Kwenu ni nadra. Kwetu ng'ombe analia kila siku, na ng'ambo ni hapo tu mtu akivuka barabara. Nionyeshe inavyofanywa, au kaa pembeni."

Mjuzi yule, kwa sifa yake, alimwonyesha. Wanaandikiana hadi leo.

Fonti ilimchukua miezi kumi na minne. Aliiita Ngazi. Aliiweka mtandaoni bure kwa mtu yeyote, kwa sharti moja: anayeitumia kwa kazi ya biashara aandike mahali fulani, hata kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, kwamba imeundwa na Bi Mkono. Binti alimwambia watu hawatatii. Wengine hawakutii kweli. Anapowakuta, anawaandikia mmoja mmoja. Ana subira ya kutisha.

Mtu wa kwanza kuvuka barabara kuja kumwuliza alikuwa mwenye mashine. Alisimama nje ya stoo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Bi Mkono, wateja wanaitaka ile Ngazi. Naomba kuitumia."

"Sharti umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi tumia. Lakini usizinyooshe herufi zangu zijaze bango. Nimekuona unavyozifanya za wengine. Mtu ukimvuta kichwa na miguu haongezeki urefu, anakufa tu."

Alicheka, akaahidi, na mpaka sasa hajavunja ahadi. Hawajawa marafiki. Kazi za ukuta hazikurudi zote pia, zimerudi kiasi. Mimi mwenyewe nilimpa mlango wangu auandike, na alinitoza bei kamili pamoja na nyongeza aliyoiita faini ya kuulizia bei kwingine. Nikalipa. Nilistahili.

Siku hizi anarekodi masomo yake mwenyewe, kwa Kiswahili, mbele ya stoo. Anafundisha viatu na peku, chumba na salamu. Wanaomtazama si wengi sana, lakini wanamuuliza maswali mazuri. Wapo pia wa kumsahihisha. Mmoja aliandika, "Mama, hayo si maneno rasmi." Akamjibu, "Yalete hayo rasmi tuyaone. Kama hayapo, shika brashi."

Mwezi uliopita chuo kimoja cha ufundi kilimwita akafundishe. Alipofika, karani wa dirishani akamwomba cheti. Akasema hana. Karani akasema bila cheti hawezi kuandikwa mwalimu.

"Niandike unavyotaka, mwanangu," akamwambia. "Niandike mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini darasa ni saa nne, na sasa ni saa nne kasorobo."

Karani akaandika mgeni. Bi Mkono akawatoa wanafunzi nje ya darasa, akawapanga mbele ya ukuta mrefu wa nyuma ambao haukuwa na kitu, akamkabidhi kila mmoja kipande cha chaki. Amekwisha kwenda mara tatu. Bado hawajamtafutia neno lingine kwenye orodha yao, naye bado hajaliomba.

Leo asubuhi nilimkuta kwenye debe lake, kompyuta magotini, uso umekunjamana. Anaunda fonti ya pili, nyembamba, ya kusomea vitabu, na k imemshinda. Mkono wa k hiyo unanyanyuka kupita kiasi, akiushusha mguu wake unateleza. Nikamwambia apumzike, tunywe chai.

"Chai kunywa wewe," akasema, bila kuinua macho. "Mimi na huyu bado hatujamalizana."